Hamsini na Tisa Toa Arobaini na Mbili

Karatasi za kaka yangu nilikuwa nikizihifadhi kwenye mfuko wa salfeti ambao zamani mama aliubebea mchele. Humo mlikuwa na vyeti vya kulazwa, picha za kifua, majibu ya damu, risiti za dawa, kadi ya kliniki ya kifua kikuu, na kadi nyingine ya kliniki hiyohiyo ya miaka miwili baadaye. Kila tulipokwenda hospitali niliubeba, na kila tulipofika, daktari alichukua karatasi ya juu kabisa, akaisoma, akanirudishia. Miaka tisa mfuko ule ulisafiri nasi bila mtu yeyote kufika chini yake, hata mimi mwenyewe niliyeubeba.

Kaka ni seremala. Karakana yake iko Ngamiani, hapa Tanga, na mpaka leo watu wanamfuata kwa ajili ya vitanda vya mninga. Mwaka 2013, akiwa na miaka 27, alipata nimonia ya kwanza. Nyumbani tunaiita kichomi, na jina linafaa, maana aliniambia kila akivuta pumzi ni kama patasi inaingia ubavuni. Alilazwa siku tano, akachomwa sindano, akapona, akarudi kwenye meza yake ya kazi. Mtu mzima kuugua nimonia mara moja si jambo la kushangaza. Tulisema pole, tukasahau.

Mwaka uliofuata ikarudi. Ulioufuata huo, ikarudi mara mbili.

Katikati ya nimonia moja na nyingine hakuwa mzima pia, ila yale mengine hatukuyahesabu kuwa ni ugonjwa. Pua iliziba miezi mizima, ikatoa kamasi nzito za njano. Sikio la kushoto lilitoka usaha kama la mtoto mdogo. Tumbo liliharisha, likatulia kwa dawa za amiba, likaharisha tena baada ya wiki chache. Pua tuliipeleka kwa daktari wa pua, sikio tukalinunulia matone dukani, tumbo tukalilaumia maji ya kisima. Kila kiungo kilikuwa na kesi yake na hakimu wake.

Kifua chenyewe kilipewa sababu iliyo karibu: vumbi la mbao. Na kweli vumbi la mbao linaumiza mapafu. Kaka akaanza kuvaa barakoa, kisha akaacha kabisa kugusa randa, akabaki kupokea wateja na kuchora vipimo huku vijana wake wakifanya kazi. Alikaa hivyo zaidi ya mwaka. Nimonia ikamfuata ofisini.

Sasa niseme lile ambalo kwa muda mrefu sikuweza kuliandika. Kwetu, mtu mzima anayekohoa na kukonda na kulazwa kila mwaka, majirani wanajua tayari ana nini kabla hajapimwa. Nchi hii iliwatambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI kule Kagera mwaka 1983, na kizazi cha wazazi wetu kilizika watu wengi mno kiasi kwamba kikohozi kisichoisha kina tafsiri moja tu. Daktari kuanza na kipimo cha VVU ni haki kabisa, maana ndiyo sababu kubwa ya kinga kupungua kwa watu wazima katika ukanda wetu, na dawa zipo, na mtu anayezianza mapema anaishi. Kaka alipimwa mara tisa katika miaka hiyo. Mara tisa hakukutwa na kitu. Lakini majibu yale yalibaki ndani ya mfuko wa salfeti, na kikohozi kilisikika mtaa mzima. Mwaka 2015 posa yake ilirudishwa. Hakuna aliyetamka sababu, na hakukuwa na haja ya kuitamka.

Mimi pia sikumwamini. Mwaka 2017 nilimshawishi twende Korogwe, nikamwambia kuna mtaalamu wa kifua, kumbe nilichotaka ni apimwe mahali ambapo hakuna anayemfahamu, nikiwa nimekaa naye, nione kwa macho yangu. Alijua. Alinyoosha kidole kichomwe, akanitazama, wala hakusema neno. Mstari mmoja tu ukatokea kwenye kile kijiti, yaani hana. Tulirudi na basi la saa kumi bila kuzungumza, na mpaka leo nikipita Segera naiona sura yake ile.

Mwaka 2016 alikuwa ametibiwa kifua kikuu, miezi sita kamili. Makohozi yake hayakuonyesha vijidudu, lakini picha ilikuwa na doa, mgonjwa amekonda, homa haiishi, na katika nchi yenye kifua kikuu kingi hivi, daktari anayesubiri uthibitisho anaweza kumpoteza mgonjwa. Silaumu. Mwezi wa kwanza mkojo ukawa wa rangi ya chungwa kama tulivyoambiwa, na kaka akapata nafuu kubwa, sisi tukashukuru kwamba hatimaye ugonjwa umepatikana. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba rifampisini, moja ya dawa nne zile, huua pia bakteria wengi wengine wa kifuani. Nafuu ilikuwa ya kweli, ila haikuthibitisha kifua kikuu. Dawa zilipoisha, nimonia ikarudi. Mwaka 2018 akaanzishiwa tena, miezi mingine sita, bila kijidudu kuonekana safari hiyo pia. Hapo ninalaumu kidogo, na wa kwanza kulaumiwa ni mimi niliyekuwa na karatasi zote mkononi na sikuuliza: kama vya kwanza havikuonekana, na vya pili havionekani, tunatibu nini?

Nimonia ya mwaka 2021 nusura imuue. Ilikuwa wakati wa korona, wodi zimejaa, alipumua kwa mtungi wa oksijeni siku kumi na moja. Alipotoka alikuwa na kilo 51, yeye mtu wa kilo 64. Ikaamuliwa tukaonane na daktari bingwa wa mapafu Dar es Salaam.

Tulifika mapema mwaka 2022. Daktari alikuwa dada mdogo kwangu kwa umri, mwenye sauti ya chini. Nikampa karatasi ya juu kama kawaida. Aliisoma, akaiweka kando, akasema, "Dada, naomba mfuko wote."

Alimwaga kila kitu mezani. Alizipanga karatasi kwa miaka, kimya kimya, mgonjwa wa nje anayefuata akisubiri mlangoni, na sisi tukiwa na wasiwasi kwamba tunapoteza muda wake. Picha za kifua akazibandika kwa plasta kwenye kioo cha dirisha, moja baada ya nyingine kuanzia ile ya 2013, mpaka mwanga wa chumba ukapungua. Kisha akatuita tusimame naye. Ya kwanza, doa liko chini kulia. Ya pili, chini kushoto. Ya tatu, katikati kulia. Ya nne, kushoto tena, lakini juu. Akatueleza kwamba nimonia inayorudi palepale kila mara humfanya daktari atafute kizuizi mahali hapo: uvimbe, tezi inayobana, hata punje ya hindi iliyovutwa utotoni. Inayohamahama ni habari nyingine. "Mwizi huyu haingii kwa dirisha moja bovu," alisema. "Nyumba haina mlinzi."

Nikamwambia amepimwa mara tisa. Akasema amekwisha ziona zote tisa. Ndipo akavuta karatasi tatu za majibu ya damu, za 2015, 2017 na 2020, vile vipimo vya ini ambavyo mtu hupimwa akilazwa, akaziweka sambamba na kuchukua kalamu.

Protini zote za damu, 2015, kwa gramu katika kila lita: 59. Albumini: 42. Akaandika pembeni, 59 toa 42, sawasawa na 17. Kwenye ile ya 2017, 57 toa 41, akaandika 16. Kwenye ya 2020, 55 toa 40, akaandika 15.

Hesabu ya darasa la pili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hesabu za kutoa nazisahihisha kila siku ya Mungu, na karatasi zile nilizibeba miaka saba.

Maana yake ni hii, nami nitaieleza kama nilivyoelezwa. Protini zinazoelea kwenye damu ni makundi mawili makubwa. Moja ni albumini, inayotengenezwa na ini. Kundi la pili huitwa globulini, na ndani yake ndimo zilimo kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na vijidudu unavyovifahamu. Maabara hupima jumla na hupima albumini. Ukitoa, unachobaki nacho ni globulini. Kwa kawaida hubaki kati ya 20 na 35 hivi. Ikishuka chini ya 18, daktari anapaswa kujiuliza ziko wapi kingamwili. Na kuna jambo ambalo lilimfanya daktari yule agonge kalamu mezani: mtu mwenye VVU asiyetibiwa, au mwenye kifua kikuu cha muda mrefu, mara nyingi globulini zake hupanda, kwa sababu mwili unatengeneza kingamwili nyingi mno. Za kaka zilikuwa zinateremka. Karatasi zilikuwa zikikanusha maneno ya mtaa tangu mwaka ule posa iliporudishwa.

Kwenye karatasi zote tatu ile jumla ya protini ilikuwa na alama ya kuonyesha imeshuka. Tuliwahi kuuliza. Tuliambiwa ni lishe, ale mayai, maharage, samaki. Mama yangu alilichukua neno lile likamkaa rohoni. Kwa miaka saba alimchemshia mayai mawili kila asubuhi, akaamini kwamba mwanawe anakufa kwa sababu yeye hamlishi vya kutosha. Nilipompigia simu jioni ile, kabla ya yote nilimwambia hili: mama, albumini yake ni nzima, zilizopungua ni kingamwili, chakula chako hakikuwa na kosa. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nikasikia anavuta kiti akae.

Lakini siku ile haikuishia hapo. Daktari alisema jambo ambalo liliniondoa damu usoni. Vile vipimo vya haraka vya VVU vinavyotumia tone la damu ya kidole havitafuti kirusi chenyewe, vinatafuta kingamwili ambazo mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Mtu asiyeweza kutengeneza kingamwili anaweza kuwa na kirusi na kipimo kikasema hana. Kwa hiyo majibu tisa niliyoyashikilia kama ushahidi mahakamani hayakuwa ushahidi tena. Ilibidi atafutwe kirusi chenyewe, kwa kipimo kilekile kinachopima wingi wa virusi. Tulisubiri siku nne tukiwa kwa shangazi Mbagala. Kaka alikuwa akisali usiku, mimi nikijifanya nimelala. Majibu yakaja: hakuna kirusi.

Damu nyingine ilipelekwa Afrika Kusini, majibu yakachukua wiki mbili. IgG, aina ya kingamwili iliyo nyingi kuliko zote katika damu, kawaida ni gramu 7 hadi 16 kwa lita. Kaka alikuwa na 1.9. IgA, aina nyingine ya kingamwili, haikuweza hata kupimika. IgM, aina ya tatu, ilikuwa chini pia.

Nilimwomba daktari anieleze kana kwamba nitakwenda kuwafundisha wanangu wa darasa la sita. Bakteria wanaoleta nimonia mara nyingi zaidi, akasema, wana ganda la nje lenye utelezi. Chembe nyeupe za damu zinataka kuwameza, lakini wanateleza. Mimi nikakumbuka kambale. Anayemparua kambale hupaka majivu mikononi, la sivyo hutamshika. Kingamwili ndizo majivu: zinamganda bakteria mwili mzima, chembe nyeupe inapata pa kukamata. Kaka alikuwa na mikono, alikuwa na kisu, hakuwa na majivu. Ndiyo maana virusi vingi vya kawaida alivimudu, ila bakteria wa aina ile, wa mapafuni, puani na sikioni, walimrudia kila walipotaka. Lile tumbo nalo likapata maelezo, kwa kuwa kingamwili hulinda utumbo pia, na kijidudu kiitwacho giadia hupenda sana watu wa hali hii.

Tatizo lake lina jina refu katika vitabu, nami nitaliita upungufu wa kingamwili unaojitokeza ukubwani. Chembe zinazopaswa kutengeneza kingamwili zipo, ila hazikomai zikafanya kazi yake. Kwa wagonjwa wengi hakuna anayeweza kuonyesha kosa liko wapi katika vinasaba. Wengi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, na hata katika nchi za Ulaya, zenye maabara kila kona, mgonjwa huchukua miaka kadhaa tangu dalili za mwanzo mpaka kupewa jina. Huko hukadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 25,000 hadi 50,000. Ni wachache. Lakini hesabu watu wa mkoa mmoja tu wa kwetu, kisha ujiulize wako wapi.

Nilisoma habari za mtoto wa kwanza kuandikiwa ripoti ya kukosa kingamwili. Ilikuwa mwaka 1952, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington. Mvulana wa miaka minane aliugua maambukizi makali ya bakteria mara kwa mara, kwa miaka minne. Daktari wake, Ogden Bruton, alitumia mashine mpya iliyotenganisha protini za damu kwa umeme, akakuta sehemu yote ya gamaglobulini, yaani ile yenye kingamwili, haipo. Akaanza kumchoma gamaglobulini za watu wengine kila mwezi, na mtoto akaacha kuugua. Mwaka uliofuata, Charles Janeway na wenzake wa Boston wakaeleza habari za mwanamke wa miaka 39 mwenye tatizo la namna hiyo, maambukizi ya kifua yasiyoisha na njia za hewa zilizoharibika. Mwanamke huyo nimemfikiria sana. Miaka 39 ni umri wa mtu aliyekwisha zoea kuitwa mgonjwa-mgonjwa.

Kabla ya kuthibitisha, daktari aliondoa sababu nyingine moja moja, na hapa nawaomba wasomaji wenye wazee nyumbani wasome taratibu, kwa sababu kingamwili hupungua kwa watu wazima kwa njia nyingi. Baadhi ya saratani za damu na za uboho huanza hivyohivyo, na mzee anapata nimonia mbili tatu kabla mtu hajafikiria kupima damu yake kwa undani. Figo zinazovuja huzipoteza protini kwenye mkojo. Zipo dawa za saratani na za baridi yabisi zinazofyeka chembe za kutengeneza kingamwili, na athari hudumu miezi mingi baada ya dawa kwisha. Steroidi za muda mrefu hudhoofisha kinga. Kisukari nacho. Aliyeondolewa wengu kwa sababu ya ajali, au mwenye selimundu ambaye wengu wake umekufa taratibu, yuko hatarini kwa bakteria haohao wenye ganda, ingawa kingamwili zake zinaweza kuwa nzuri. Hata uvimbe kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua, unaweza kuambatana na hali hii. Kaka alipimwa mkojo, akaangaliwa damu chini ya darubini, akapigwa picha ya CT. Hayo yote hayakuwapo.

Picha ya CT ilileta habari nyingine. Njia za hewa ndani ya mapafu, ambazo hupungua upana kadiri zinavyokwenda pembeni kama matawi ya mti, zake zilikuwa zimepanuka na kulegea, zingine kama vifuko. Kila nimonia ilikuwa imeondoka na kipande. Makohozi hukaa humo, hayapandi yenyewe, na bakteria hupata makao. Hilo halirudi nyuma. Nilipouliza ingekuwaje kama 17 ile ya mwaka 2015 ingesomwa, daktari aliangalia meza. Hakunijibu, na sikurudia swali.

Tiba ni kumpa kingamwili za watu wengine, maisha yake yote. Hutengenezwa kutokana na maji ya damu, yaani plazima, ya maelfu ya wachangiaji iliyochanganywa pamoja, ili chupa moja iwe na kumbukumbu za magonjwa mengi. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Damu tunayochangia sisi huwasaidia akina mama wanaojifungua na majeruhi, lakini plazima yake haitengenezwi dawa hii hapa. Kusini mwa bara letu kiwanda kipo karibu na Durban. Kwa mtu wa kilo 60, miligramu 400 kwa kila kilo ni gramu 24. Daktari aliandika gramu 25 kila baada ya wiki nne, chupa tano za gramu tano. Bei ya chupa tano ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Bima yake haikuitambua.

Kwa hiyo miezi kumi ya kwanza aliishi kwa njia ya pili: antibiotiki ya azithromaisini mara tatu kwa wiki, chanjo, antibiotiki akiba ndani ya nyumba za kuanza mara homa inapopanda, na mazoezi ya kutoa makohozi. Mtaalamu wa mazoezi alimwonyesha jinsi ya kulala kichwa kikiwa chini kuliko kiuno, avute pumzi ndefu, kisha aitoe kwa nguvu koo likiwa wazi, kama anayepulizia kioo ukungu. Kaka alirudi Tanga akajitengenezea kitanda cha mwinamo, mbao za mkangazi, chenye mashimo ya kupandisha na kushusha kwa vigingi. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, kwa maoni yangu. Kila alfajiri baada ya swala analala pale dakika ishirini, na kikombe chini. Kipo kingine sasa katika hospitali moja ya hapa; alikitengeneza bila malipo.

Dozi ya kwanza aliipata Februari 2023. Aliuza mashine ya randa, ukoo ukachanga, shangazi wa Mbagala akatoa fedha za hija. Muuguzi aliifungulia dripu polepole, matone machache, akipima presha kila robo saa, kisha akaongeza. Kichwa kilimuuma jioni, akatetemeka kidogo, akameza panado. Alikuwa akitazama chupa muda wote. Mwisho akaniuliza, "Hivi hawa watu wanajua?" Nikasema hawajui. Akasema basi atawaombea bila majina.

Daktari alituonya kuhusu jambo ambalo limetusaidia mara moja tayari. Tangu sasa kingamwili zilizo mwilini mwake ni za watu wengine, kwa hiyo kipimo chochote kinachotafuta kingamwili kinaweza kusoma historia yao badala ya yake. Mwaka jana katika kituo kimoja aliambiwa ana alama ya homa ya ini. Mimi nilikuwa na barua ya daktari ndani ya mfuko. Nikaitoa, nikaomba apimwe kirusi chenyewe. Hakuwa nacho.

Mfuko wenyewe nimeubadilisha. Sasa ni faili gumu lenye vigawanyo, na ukurasa wa mbele nimeuandika kwa mkono: kila nimonia, mwezi na mwaka, upande gani wa pafu, ilithibitishwa kwa picha au la, dawa gani, siku ngapi wodini. Ziko kumi na moja. Naamini ukurasa kama huu ungetuokolea miaka. Kama una ndugu aliyepata nimonia mbili zilizoonekana kwenye picha ndani ya muda mfupi, au anayelazwa kila mwaka, na VVU na kifua kikuu vimeshatafutwa, muandikie ukurasa huo, kisha uliza jumla ya protini na albumini. Ni kipimo ambacho huenda tayari amekilipia.

Ukutani jikoni kwa mama kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku ya homa anaweka alama nyekundu, siku ya dripu ya bluu. Mwaka jana nyekundu zilikuwa mbili, na zote ziliisha kwa vidonge, hakulazwa. IgG yake kabla ya dozi ya mwisho ilikuwa 6.8. Kuna miezi miwili ambayo ya bluu haipo, fedha hazikutimia, na nyekundu moja iko katikati ya miezi hiyo.

Dozi inayofuata ni tarehe 14. Kwenye friji ya duka la dawa wametuwekea chupa tatu. Mbili bado. Kaka ana oda ya milango minne ya nyumba Raskazoni, na leo nilipopita karakana nilimkuta ameshika randa mwenyewe, amevaa barakoa, vijana wamesimama pembeni wanatazama.